Nyumba Ikitembea, Simu Ishike: Mwongozo wa Mawasiliano kwa Wanaoishi Kwenye Magari Marekani

Kila Januari mji mdogo wa Quartzsite, Arizona, hupokea wageni wasiohitaji hoteli. Kwa hesabu ya sensa ya 2020, wakazi wake wa kudumu hawafiki 2,500. Majira ya baridi yakiingia, jangwa linalouzunguka hujaa maelfu kwa maelfu ya magari-nyumba, yale ambayo Wamarekani huyaita RV: mabasi yenye vitanda na majiko, matrela ya kuvutwa, na vani zilizogeuzwa vyumba vya kulala. Ardhi ni ya serikali, na kwa miaka mingi ada ya kuegesha katika eneo la La Posa, kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, ilikuwa dola 180. Jua lipo, nafasi ipo, na minara ya simu inaonekana kwa macho. Lakini jioni ikifika, simu inaonyesha mistari yote ya mtandao huku ujumbe wa WhatsApp ukigoma kutoka.

Mnara wa simu ni kama bomba la maji la mtaa: ndoo zikiongezeka kwenye foleni, maji yanayotoka ni yaleyale. Mnara uliojengwa kuhudumia mji wa watu elfu mbili hauwezi kuhudumia umati wa jangwani, hata kama kila simu iko mita mia mbili kutoka hapo.

Barabara ya US 50 katika jimbo la Nevada ina shida ya kinyume. Mwaka 1986 jarida la Life liliiita barabara yenye upweke kuliko zote Marekani, na sifa hiyo haijaondoka. Kutoka Austin hadi Fallon ni takriban kilomita 177, na sehemu kubwa ya njia hiyo hakuna watu, kwa hiyo hakuna kampuni iliyoona faida ya kujenga minara. Kwingine kikwazo ni sheria. Tangu 1958, eneo la karibu kilomita za mraba 34,000 mpakani mwa majimbo ya Virginia na West Virginia limewekewa masharti makali ya mawimbi ya redio ili darubini za redio za Green Bank zisikilize anga bila kelele, na katika vijiji vilivyo karibu na darubini hizo simu ya mkononi haishiki kabisa. Ukifika kwenye misitu ya misonobari ya Oregon na Washington, mambo hugeuka tena: mnara unaweza kuwepo, lakini dishi la setilaiti halioni anga kwa sababu ya matawi.

Ndiyo maana wenye uzoefu wa maisha haya hawapotezi muda kubishana ni kampuni ipi bora. Wanachotafuta ni njia mbili za mawasiliano zinazokwama kwa sababu tofauti.

Hesabu kabla ya kununua

Duka la vifaa ni mahali pabaya pa kuanzia. Kwanza mtu aandike anachofanya mtandaoni kwa wiki nzima akiwa bado kwenye nyumba yenye intaneti ya waya. Video ya ubora wa HD hula takriban GB 3 kwa saa, na ile ya 4K hufika GB 7. Familia inayotazama saa mbili za HD kila usiku inamaliza GB 180 kwa mwezi kabla hata ya kazi. Mkutano wa video hula kati ya GB 1 na 2.5 kwa saa kulingana na ubora wa picha, ilhali simu ya sauti pekee hula kidogo mno.

Jambo la pili ni kasi ya kupakia, yaani data inayotoka garini kwenda nje. Matangazo husifu kasi ya kupakua, lakini anayefundisha kwa video au kutuma picha kwa wateja hukwama upande wa pili. Mkutano wa kawaida wa watu wawili huhitaji megabiti moja na ushee kwa sekunde kila upande. Si nyingi, ila ni lazima ziwe thabiti. Mtandao wa kasi ndogo isiyoyumba humfaa mfanyakazi kuliko ule unaopaa na kukatika kila dakika tano.

Mstaafu anayesoma barua pepe na kuzungumza na wajukuu Jumapili anaweza kutosheka na simu mbili za mitandao tofauti. Ambaye mshahara wake unategemea kuonekana mkutanoni saa tatu kamili asubuhi anahitaji mpango mzito zaidi.

Minara: kampuni tatu zenye majina mengi

Tangu T-Mobile ilipoimeza Sprint mwezi Aprili 2020, mitandao ya minara inayofika karibu nchi nzima ni mitatu: Verizon, AT&T na T-Mobile. Majina mengine mengi ya bei nafuu hupanda migongo ya hao watatu. Visible hutumia minara ya Verizon, Cricket ya AT&T, na Mint ya T-Mobile. Hivyo aliyeweka laini ya Verizon kwenye simu moja na ya Visible kwenye nyingine ana bili mbili na njia moja. Mnara ukizimika, zote mbili zinazimika.

Laini ya pili iwe ya mtandao tofauti. Simu nyingi za sasa hubeba laini mbili, moja ya kadi na nyingine ya eSIM, na kampuni kadhaa hutoa eSIM ya majaribio ya bure ya siku au wiki chache. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kulinganisha kabla ya kufunga mkataba.

Ramani zinazochorwa na kampuni zenyewe zisomwe kwa tahadhari. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilizindua ramani yake mpya ya kitaifa Novemba 2022, nayo hutenganisha mtandao wa mtu aliyesimama nje na ule wa mtu aliye ndani ya gari linalotembea. Anayeishi garini aangalie ule wa pili. Taarifa za watu waliolala mahali husika ni bora zaidi. Programu ya Campendium, kwa mfano, huorodhesha kambi na kuonyesha wageni waliopita walipata mtandao gani na kwa kiwango gani. Kabla ya kuhama, msomaji asome maoni ya miezi ya karibuni na ya msimu uleule, kwa kuwa Quartzsite ya Juni si Quartzsite ya Januari.

Kisha kuna neno "bila kikomo" kwenye matangazo, ambalo lina masharti chini yake. Vifurushi vingi havimkati mtumiaji, bali humrudisha nyuma ya foleni mnara unapojaa, na vingine hupunguza kasi ya hotspoti baada ya GB kadhaa ingawa simu yenyewe inaendelea vizuri. Mwenye kompyuta aulize maswali matatu kabla ya kulipa: hotspoti ina GB ngapi za kasi kamili, baada ya hapo kasi inashuka hadi wapi, na laini hiyo ina nafasi gani kwenye foleni mnara ukizidiwa.

Pia kuna mtego wa intaneti ya nyumbani ya 5G. Visanduku vyake ni vya bei ya kuvutia na vinaingia kwenye kabati la gari bila shida, lakini huduma imefungwa kwenye anwani moja. Anayetembea navyo anavunja masharti na anaweza kukatiwa bila onyo. T-Mobile ilileta mwaka 2024 kifurushi kiitwacho Away kwa ajili ya wasafiri hasa. Ni ghali kuliko kile cha nyumbani, lakini ni halali barabarani.

Simu za zamani nazo zimefika mwisho. Mitandao ya 3G ilizimwa na kampuni zote tatu mwaka 2022, na siku hizi simu isiyoweza kupiga kupitia 4G haifai tena, hata kama inapendeza na betri yake inakaa wiki. Wanaokuja na simu kutoka Afrika Mashariki wahakikishe mapema kwamba modeli yao inakubaliwa na kampuni ya Marekani wanayoikusudia.

Setilaiti: anga wazi ndiyo nauli

Kabla ya Starlink, intaneti ya setilaiti ilikuwa mateso. Setilaiti za zamani huelea kilomita 35,786 juu ya ikweta, na safari ya kwenda na kurudi huchelewesha kila neno kwa zaidi ya nusu sekunde, kiasi kwamba wazungumzaji hukatizana kila mara. Starlink huzungusha maelfu ya setilaiti kwenye kimo cha takriban kilomita 550, na ucheleweshaji umeshuka hadi sehemu ndogo ya huo wa zamani. Mwezi Mei 2022 kampuni ilifungua rasmi huduma ya magari-nyumba, ambayo baadaye ilipewa jina la Roam, na mwaka 2024 likaja dishi dogo la Mini linaloingia kwenye begi la mgongoni.

Kwenye jangwa la Nevada dishi hilo hugeuza sehemu isiyo na mnara hata mmoja kuwa ofisi. Chini ya miti halina msaada. Setilaiti hupita kwa kasi na dishi hurukia moja baada ya nyingine, hivyo tawi moja lililokaa vibaya hukata mazungumzo kwa sekunde chache, kisha tena, kisha tena. Filamu hustahimili hilo. Mkutano wa video haustahimili. Programu ya Starlink hutumia kamera ya simu kupima anga kabla ya kuegesha, na kwa sehemu kubwa ya Marekani upande unaotakiwa kuwa wazi ni kaskazini. Anayetaka kivuli kwa ajili ya gari na anga kwa ajili ya dishi asilifunge dishi kwenye paa. Kebo yake ina takriban mita 15, inatosha kuliweka penye uwazi huku gari likibaki mtini.

Septemba 2024 kimbunga Helene kilipopiga magharibi ya North Carolina, maji na miti viliangusha nguzo, vikakata nyaya na kuzima minara katika kaunti za milimani. Kwa siku kadhaa watu walikusanyika penye dishi la Starlink na jenereta ili kuwajulisha ndugu kwamba wako hai. Siku hizo, kwa wengi, setilaiti ilikuwa njia pekee, na ilidumu kadiri mafuta ya jenereta yalivyodumu.

Umeme ndio unaoamua

Wengi hununua dishi kwanza na kugundua baadaye kwamba betri haitoshi. Dishi la kawaida la Starlink hula wati 75 hadi 100. Likiachwa limewashwa saa 24, hiyo ni wati-saa 1,800 hadi 2,400. Betri ya lithiamu ya volti 12 na amp-saa 100 hubeba takriban wati-saa 1,280 tu. Kwa maneno mengine, dishi peke yake humaliza betri moja na nusu au mbili kwa siku, kabla ya friji, taa na pampu ya maji.

Mini hula wati 25 hadi 40, na hupokea umeme wa moja kwa moja wa volti 12 hadi 48, bila kupitia inveta ambayo nayo hula sehemu ya umeme inaougeuza. Kwa siku nzima ni wati-saa 600 hadi 960. Paneli ya sola ya wati 200 ikipata saa tano za jua kali hutoa wati-saa 1,000 kwenye karatasi, na chini ya hapo kwenye uhalisia. Majira ya baridi, jua likiwa chini na siku fupi, hesabu hubana zaidi.

Dawa ni nidhamu. Dishi lizimwe usiku, na simu na rauta ndogo zibebe ujumbe mwepesi. Rauta ya laini za simu hula umeme mdogo sana kuliko dishi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuitegemea kwanza pale minara inaposhika.

Bati, antena na vikuza mawimbi

Gari lenyewe linaweza kuwa kikwazo. Matrela ya Airstream, yanayotambulika kwa ngozi yao ya alumini inayong'aa, hukinga mawimbi ya simu kama yanavyokinga mvua, na hata vani ya kawaida ya chuma hupunguza sehemu ya nguvu. Hatua ya kwanza, tena ya bure, ni kutoa simu nje, kuiweka dirishani, au kuisogeza rauta upande unaotazama mnara.

Mistari ya mtandao isitegemewe kama kipimo, kwa sababu kila mtengenezaji huichora anavyotaka. Simu za Android huonyesha namba halisi ya nguvu ya mawimbi ndani ya mipangilio, sehemu ya hali ya laini, na kwenye iPhone hufunguliwa kwa kupiga *3001#12345#*. Namba hiyo ni hasi: karibu na -80 ni nzuri, -100 ni ya kuvumilia, na ikipita -115 mambo yamekwisha. Tofauti ya 30 kwenye kipimo hiki ni mara 1,000 ya nguvu. Ndiyo maana antena iliyoinuliwa juu ya paa huweza kugeuza sehemu iliyoonekana kufa kuwa ya kufanyia kazi.

Kikuza mawimbi, ambacho wauzaji hukiita busta, kinanunuliwa mno bila kueleweka. Hukamata mawimbi dhaifu nje, kuyaongeza nguvu na kuyarusha upya ndani. Penye mawimbi sifuri hakiongezi chochote, na penye msongamano hakisaidii, kwani foleni ya mnara ni ileile. Kazi yake nzuri ni kuokoa simu ya sauti au ujumbe pembezoni mwa mtandao. Kwa intaneti, rauta yenye antena mbili au nne zilizounganishwa nayo moja kwa moja mara nyingi hushinda, kwa sababu mitandao ya 4G na 5G hutuma mikondo kadhaa kwa pamoja, na kikuza cha antena moja huibana iwe mmoja. FCC inataka kikuza kiwe kilichoidhinishwa na kisajiliwe kwa kampuni ya simu, na hivyo vya bei ya kutupa visivyo na idhini vinaweza kumletea mwenyewe matatizo.

Wi-Fi ya watu wengine

Wi-Fi ya kambi za kulipia hutosha kwa barua pepe asubuhi na mapema. Jioni wageni wote wanapotazama filamu, haina maana. Maktaba za umma ni hazina zaidi. Karibu kila mji mdogo una moja, intaneti yake ni bure, na nyingi huiacha wazi hadi maegeshoni baada ya kufungwa. Huko ndiko pa kupakua masasisho ya kompyuta, ramani za kutumia bila mtandao na filamu za wiki. Kwa kuwa Wi-Fi hiyo hutumiwa na kila mtu, shughuli za benki zifanyike kwa laini ya simu au kupitia VPN, yaani programu inayoficha data njiani.

Dharura

Nchini Marekani, simu yoyote ya mkononi inayofanya kazi hupitisha wito wa 911 kwenye mtandao wowote unaoendana nayo ulio karibu, hata kama laini ni ya kampuni nyingine. Ila simu inapopigwa kupitia Wi-Fi, hali hubadilika. Kampuni humtaka mteja aandikishe anwani ya dharura, na mpokeaji wa 911 huenda akaiona hiyo tu. Anayeishi garini na kuacha anwani ya Texas aliyoiandika mwaka jana anaweza kuitiwa gari la wagonjwa Texas ilhali yeye yuko Montana. Anwani hiyo ibadilishwe kila anapohama, na kabla ya kulala kila mtu garini ajue jina la kambi na barabara iliyo karibu.

Penye giza la mtandao kuna njia ya tatu. Kuanzia Novemba 2022, iPhone 14 na zilizofuata hutuma ujumbe wa kuomba msaada kupitia setilaiti zikiwa chini ya anga wazi. Vifaa vya Garmin inReach, vinavyotumia setilaiti 66 za Iridium, hutuma na kupokea ujumbe mfupi kwa malipo ya mwezi. Anayepanda milima peke yake achukue kimoja kati ya hivyo, hata kama dishi liko garini.

Namba, anwani na nyumbani

Maisha ya magurudumu bado yanahitaji anwani ya kudumu kwa leseni, benki na bili. Wengi huandikisha makazi South Dakota, Texas au Florida, ambako kuna huduma za kupokea barua na kuzituma zinakotakiwa. Anwani hiyo ndiyo itumike kwenye mikataba ya simu. Namba ya simu nayo iwe ya laini halisi, kwani benki nyingi hukataa kutuma namba za siri kwenye simu za mtandaoni.

Kwa Mkenya au Mtanzania aliye barabarani, laini ya nyumbani ni mali. Ndiyo inayopokea ujumbe wa benki na wa pesa za simu, na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba kupewa mtu mwingine. Ikae kwenye nafasi ya pili ya simu, data ya ng'ambo ikiwa imezimwa, na iongezwe salio mara kwa mara. WhatsApp hubaki na namba ya zamani bila shida, ila anayeitumia zaidi kwenye kompyuta aifungue kwenye simu angalau mara moja ndani ya siku 14, la sivyo kompyuta itaondolewa.

Saa nazo zina hesabu yake. Arizona, isipokuwa nchi ya Wanavajo, haibadilishi saa mwaka mzima, hivyo Nairobi na Dar es Salaam huwa mbele kwa saa 10 daima: saa mbili usiku Quartzsite ni saa kumi na mbili asubuhi nyumbani. New York ni saa 8 majira ya baridi na 7 kiangazi. Kwa anayeishi jangwani, simu ya mama ipigwe alfajiri ya Arizona, mnara ukiwa mtupu na kwao ikiwa jioni.

Aliyekamilisha maandalizi yote alale garini siku mbili akiwa bado uani kwake au kwenye kambi ya jirani. Siku ya kwanza azime setilaiti na kufanya kazi zake zote kwa laini za simu. Siku ya pili azime laini na kutegemea setilaiti na betri peke yake, bila kuchomeka waya wa umeme. Upande utakaoshindwa urekebishwe kabla mwenye nyumba hajarudishiwa funguo zake.